UZI: Silikoni ipo kwenye kila simu, kwa nini kompyuta ya kwanta ya silikoni bado ni mtihani mgumu?

#1, Mleta uzi (Mtwara Mjini)

Wakuu, salaam.

Kuna hoja inazunguka sana kwenye magrupu ya wanafunzi na hata ya walimu wenzangu. Wanasema kompyuta ya kwanta ikitengenezwa kwa silikoni kazi itakuwa nyepesi, maana viwanda vya chipu vipo, mashine zipo, wataalamu wapo, kilichobaki ni kuongeza hatua mbili tatu. Nafundisha fizikia sekondari, na vijana wa kidato cha sita wananiletea hoja hii kila mara. Naileta hapa kwa sababu ina nusu ya ukweli, na fizikia yenyewe iko kwenye ile nusu nyingine.

Nusu ya ukweli ni hii. Mwaka 1998 Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza kunasa elektroni moja moja kwenye vitone vya kwanta, yaani vyumba vya nanomita makumi machache vinavyoundwa kwa volti za mageti madogo (vipande vya metali) juu ya semikondakta, halafu spini ya elektroni hiyo, yaani usumaku wake mdogo wa asili, itumike kama kyubiti, kizio cha taarifa cha kompyuta ya kwanta kinachoweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1. Mwaka huohuo Bruce Kane, akiwa Sydney, akapendekeza kutumia kiini cha atomi ya fosforasi iliyopandikizwa ndani ya silikoni. Mapendekezo yote mawili yalilenga vitu ambavyo viwanda vya semikondakta vinavijua. Ndiyo maana watu wengi waliyapokea kwa matumaini makubwa, na mimi matumaini hayo ninayo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye ugumu. Transista ya kawaida inafanya kazi kwa kundi la elektroni: zikipita ni 1, zisipopita ni 0, na chache zikipotea njiani hakuna kinachoharibika. Kyubiti ni elektroni moja tu. Taarifa yake imo kwenye mwelekeo wa spini na kwenye awamu ya mchanganyiko wa 0 na 1, yaani jinsi sehemu hizo mbili zinavyopishana kama mawimbi. Chochote kilicho jirani yake kinaweza kuivuruga, na majirani wa karibu kabisa ni atomi za silikoni yenyewe. Kwa hiyo adui namba moja anaishi ndani ya nyumba.

Majaribio mengi ya mwanzo yalifanyika kwenye galiamu asenidi, kwa sababu tabaka zake huoteshwa zikiwa safi sana na kunasa elektroni humo ni rahisi kuliko kwenye silikoni. Tatizo ni kwamba isotopi (aina za atomi ya elementi moja zenye uzito tofauti) zote za kawaida za galiamu na aseniki zina spini kwenye kiini. Elektroni moja ndani ya kitone inagusana na viini karibu milioni moja, kila kimoja na usumaku wake, na vyote vinabadilika bila utaratibu. Bila mbinu za kuiokoa, spini inapoteza awamu yake ndani ya nanosekunde 10 hivi.

Silikoni ina bahati. Asilimia 92 hivi ya silikoni ya asili ni isotopi ya 28, ambayo kiini chake hakina spini kabisa. Isotopi ya 30 nayo haina. Mkorofi ni isotopi ya 29, ambayo ni asilimia 4.7. Wakaamua kumtoa, kwa mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi sana, za aina ile inayotenganisha isotopi za urani, mpaka zikabaki sehemu 800 kwa milioni, na baadaye chini ya hapo. Majaribio ya awali ya silikoni safi namna hii yalinufaika na mabaki ya mradi wa kimataifa uliotengeneza tufe la silikoni kwa ajili ya kufafanua upya kilogramu. Mtu anapima kilo, mwingine anapata kyubiti! Mwaka 2014 watafiti wa Sydney walionyesha kiini cha fosforasi ndani ya silikoni hiyo kikitunza hali yake kwa zaidi ya sekunde 30, na elektroni kwa nusu sekunde hivi. Linganisha na zile nanosekunde 10.

Ukisoma hapo unaweza kudhani kazi imekwisha. Hapana. Kuna mambo mengine mawili ndani ya kitu chenyewe.

La kwanza ni uso. Juu ya silikoni hukaa oksidi yake, na mpaka kati ya fuwele iliyopangika na oksidi isiyopangika una kasoro: vifungo vilivyobaki wazi, chaji zilizonaswa zinazoruka huku na huko. Kwenye simu yako kasoro hizo zinavumilika. Kwenye kitone, chaji moja ikihama nanomita chache inabadilisha umeme unaoshikilia elektroni. Hii ndiyo kelele ya chaji, na inauma zaidi pale kyubiti mbili zinapozungumza, kwa sababu nguvu ya mazungumzo yao inategemea volti kwa ukali sana. Ukisogeza volti kidogo, nguvu hiyo inaongezeka mara kadhaa.

La pili ni mabonde. Elektroni ndani ya silikoni ina hali sita zenye nishati sawa, ambazo wanafizikia huziita mabonde. Ukiibana kwenye tabaka jembamba, mabonde mawili ya chini ndiyo yanayobaki na kazi, na yanatenganishwa na nafasi ndogo ya nishati, kuanzia mikroelektronivolti (kizio kidogo sana cha nishati) makumi mpaka mia kadhaa. Nafasi hiyo inategemea jinsi atomi zilivyojipanga mpakani. Ngazi ya unene wa tabaka moja tu la atomi inaweza kuibadilisha. Kwa mfano kwenye sumaku ya tesla 1, tofauti kati ya spini juu na spini chini ni mikroelektronivolti 116 hivi. Nafasi ya mabonde ikiangukia karibu na namba hiyo, spini inapata njia ya kuporomoka haraka, na kyubiti imekufa.

Kwa hiyo wakuu, yale ya "ongeza hatua mbili tatu" siyakubali. Karibuni.

#2, Fundi simu, Masasi

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Swali langu: chipu ninazoshika kila siku zina transista mabilioni, na zote zinafanya kazi. Kama mashine ya kuchora vitu vidogo hivyo ipo, kwa nini wasichore vitone milioni moja tu? Uchafu si wameshautoa?

#3, Mleta uzi

Marahaba kaka. Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, na ndipo penye uzito wote.

Kuchora wanaweza. Shida ni kwamba vitone vilivyochorwa sawa havitoki sawa. Transista mbili zinaweza kutofautiana milivolti makumi kadhaa katika volti ya kuwaka, na chipu isijali, kwa sababu 0 na 1 zimeachana mbali. Kwenye kitone, tofauti ya kiasi hicho inaweza kubadilisha idadi ya elektroni zilizomo. Ulitaka moja, umepata mbili, au chumba kitupu.

Wenye mashine za kubangua korosho watanielewa haraka. Mashine iliyowekwa kwa saizi moja, ukiilisha korosho mchanganyiko, ndogo zinapita bila kupasuka na kubwa zinavunjika punje. Ndiyo maana zinachambuliwa kwa saizi kwanza. Vitone vinatoka kiwandani vikiwa mchanganyiko hivyohivyo, ila kuvichambua haiwezekani, vimeshakaa kwenye chipu. Kila kimoja kinahitaji volti yake, na geti la katikati ya kila jozi linahitaji yake. Halafu ukirekebisha kimoja unamsogeza jirani, maana mageti yapo karibu na umeme wa moja unafika kwa mwingine.

Kwa vitone viwili, mtafiti anakaa na kompyuta akitafuta volti sahihi kwa saa kadhaa au siku. Kwa sita ni kazi ya timu. Mwaka 2022 kundi la Delft, Uholanzi, liliendesha kyubiti sita za silikoni kwa pamoja, na ilihesabiwa kuwa hatua kubwa. Sita, kaka. Sasa wanaandika programu za kujirekebisha zenyewe, na hilo kwa maoni yangu ni muhimu kuliko habari nyingi zinazotangazwa kwa mbwembwe.

Usahihi wa kyubiti moja au mbili si kikwazo tena kama zamani. Januari 2022, makundi matatu, la Sydney, la Delft na la taasisi ya utafiti ya RIKEN nchini Japani, yalichapisha siku moja matokeo ya operesheni za kyubiti mbili zenye usahihi zaidi ya asilimia 99. Namba hiyo ina maana yake. Njia maarufu ya kusahihisha makosa inahitaji kosa liwe chini ya asilimia 1 hivi ndipo ianze kusaidia, na inafaa liwe chini zaidi. Wamefika mlangoni. Sasa wanatakiwa kuifanya kwenye maelfu, kwa wakati mmoja, na bila kuchagua zile zilizotoka vizuri.

#4, Mchangiaji, Lindi

Mbona Intel walishatoa chipu ya silikoni? Niliona kwenye habari.

#5, Mleta uzi

Kweli mkuu. Juni 2023 walitangaza Tunnel Falls, kyubiti 12, iliyotengenezwa kwenye visahani vya silikoni vya milimita 300 kama chipu za kawaida. Mwaka 2024 wakachapisha jambo ambalo mimi nimelipenda zaidi: mashine inayopima kisahani kizima kikiwa kwenye kelvini 1.6, yaani nyuzi 1.6 tu juu ya sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa. Kabla ya hapo ulikata kipande, ukakifunga kwenye friji, ukangoja kipoe, ukagundua kibovu, ukaanza upya. Huwezi kuboresha kiwanda kwa mwendo huo.

Ila linganisha na wenzao wa sakiti za superkondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani. IBM walitangaza chipu ya kyubiti 1,121 mwaka 2023, na Google mwaka 2024 wakaonyesha kyubiti 105 zenye usahihishaji wa makosa unaoboreka kadiri unavyoongeza ukubwa. Silikoni iko nyuma kwa idadi. Haki isemwe.

#6, Mhandisi wa mitambo ya gesi, Kilwa

Mwalimu asante kwa uzi huu. Mimi kazi yangu ni mitambo, na suala la baridi ndilo linanigusa. Ukiniambia kitu kinafanya kazi karibu na sifuri kamili, swali langu la kwanza ni: joto linaloingia ni kiasi gani, na unaliondoaje?

#7, Mleta uzi

Mhandisi umegusa kidonda chenyewe.

Wengi wanatumia friji ya kuchanganya heliamu-3 na heliamu-4. Chini ya kelvini 0.87 hivi mchanganyiko huo unajigawa tabaka mbili, na heliamu-3 inapovuka kutoka tabaka moja kwenda jingine inabeba joto. Ya kwanza ilifanya kazi Leiden mwaka 1964. Kwenye milikelvini 20, friji nzuri inaondoa mikrowati 10 hadi 30 hivi. Mikrowati! Kwenye kelvini 4 unapata wati moja au mbili.

Sasa weka nyaya. Kila kitone kina geti lake, kuna geti la kizuizi kati ya jirani na jirani, kuna kihisi cha kusoma chaji, kuna njia ya maikrowevu. Kila waya unaotoka chumbani, kwenye joto letu hili, unateremka na joto lake. Nyaya mia kadhaa zinawezekana. Milioni haziingii.

Na hapa udogo wa silikoni unageuka kuwa mtego. Vitone vikikaa umbali wa nanomita 100, kyubiti milioni moja zinatosha kwenye mraba wenye upande wa milimita 0.1. Watu wanalitaja hilo kama sifa, na ni sifa kweli. Lakini nyaya milioni mbili au tatu utazipitishaje kwenye mraba huo? Chipu ya simu ina transista mabilioni na vituo vya kutokea nje vichache mno, kwa sababu transista zinaendeshana zenyewe kwa ndani. Kyubiti bado hatujui kuziendesha hivyo.

Kuna njia tatu zinazojaribiwa. Moja ni mageti kushirikiana waya, safu kwa nguzo. Delft walionyesha vitone 16 vya gerimani (semikondakta nyingine, ndugu wa silikoni) vikiendeshwa hivyo, lakini ukumbuke zile volti tofauti nilizomweleza fundi: waya mmoja wa pamoja unatoa volti moja, na vitone havitaki volti moja. Ya pili ni kushusha elektroniki za kuongozea zikae ndani ya friji. Intel walitangaza chipu ya aina hiyo mwaka 2019, inayofanya kazi karibu na kelvini 4. Ya tatu ni kuzifanya kyubiti zivumilie joto zaidi. Mwaka 2020 makundi ya Sydney na Delft yalionyesha, kila moja kivyake, kyubiti za silikoni zikifanya kazi juu ya kelvini 1. Mimi nikilazimishwa kuchagua, nachagua hii ya tatu. Ukiwa juu ya kelvini 1 unaweza kupoza kwa heliamu-4 pekee, na nguvu ya kupoza inapanda mara maelfu.

#8, Mchangiaji, Mtwara Vijijini

Wakuu, silikoni si mchanga? Msimbati huku mchanga mweupe upo mpaka basi. Na heliamu ipo Rukwa. Serikali inangoja nini?

#9, Mleta uzi

Ndugu yangu, mchanga haujawahi kuwa haba duniani. Thamani iko kwenye usafishaji: silikoni ya elektroniki inafikishwa usafi wa tisa tisa au zaidi, yaani 99.9999999 kwa mia, na ya kyubiti inaongezewa kutenganishwa isotopi. Kuchota mchanga wa ufukweni kwa matumaini hayo ni kuiachia bahari ile pwani bure. Nalisema kwa uchungu kwa sababu napapenda pale.

Heliamu ya Rukwa iliyotangazwa 2016 ni mali ya kweli, inatafutwa kwa mashine za hospitali na kwa viwanda vya chipu vyenyewe. Lakini inatokana na kuoza kwa urani na thoriamu kwenye miamba, na hiyo ni heliamu-4. Heliamu-3 inayotumika kwenye friji hizi hupatikana hasa kutokana na kuoza kwa tritiamu, hidrojeni yenye mnururisho, ambayo nusu-maisha yake ni miaka 12.3, na tritiamu nyingi ni ya nchi zenye silaha za nyuklia. Ndiyo maana kyubiti za kelvini 1 zina maana hata kwetu: zinaondoa kidhibiti kimoja kilicho mikononi mwa wachache.

#10, Mchangiaji, Ruangwa

Na kinywe chetu je? Kaboni haiwezi?

#11, Mleta uzi

Swali zuri. Kaboni ya asili ni asilimia 98.9 isotopi ya 12, isiyo na spini ya kiini, kwa hiyo kwa upande wa viini ni nzuri kuliko silikoni isiyosafishwa. Mwaka 2007 Loss na wenzake walipendekeza kyubiti kwenye grafini, tabaka moja la kinywe. Ugumu ni kwamba tabaka moja halina pengo la nishati, elektroni haibanwi kwa geti ikatulia. Wanatumia tabaka mbili na uga wa umeme ili kufungua pengo. Bado ni changa.

#12, Mchangiaji, Lindi

Mimi naogopa pesa zangu kwenye simu. Zitadukuliwa?

#13, Mleta uzi

Si kwa hizi za sasa, dada. Njia ya kuvunja ufiche (usimbaji wa siri unaolinda taarifa) wa aina ya RSA ilijulikana tangu mwanahisabati Peter Shor mwaka 1994. Makadirio ya 2019 yalihitaji kyubiti milioni 20 zenye makosa ya kawaida, na ya 2025 yameshuka chini ya milioni moja. Silikoni ina kumi na kitu. Hata hivyo idadi inayohitajika inashuka, na Agosti 2024 Marekani ilitoa viwango vya ufiche unaokusudiwa kuhimili kompyuta hizo. Kuhamia huko ni kazi ya mabenki na makampuni ya simu, na wasisubiri.

#14, Mwanafunzi kidato cha sita, Mtwara

Shikamoo mwalimu. Nimejaribu kupiga hesabu. Nimechukua kigezo cha Boltzmann (namba inayogeuza joto kuwa nishati) nikazidisha na kelvini 1, nimepata mikroelektronivolti 86. Lakini hapo juu umesema nafasi ya mabonde inaweza kuwa makumi tu. Sasa kyubiti ikipandishwa mpaka kelvini 1, joto lenyewe si litairusha elektroni kwenye bonde la pili? Hao wa 2020 waliwezaje?

#15, Mleta uzi

Marahaba. Hesabu yako ni sahihi na swali lako ni sahihi zaidi.

Kuna namna mbili za kunasa elektroni kwenye silikoni. Moja, tabaka la silikoni linabanwa kati ya tabaka za mchanganyiko wa silikoni na gerimani. Hapo elektroni inakaa mbali na oksidi, kelele ya chaji ni ndogo, lakini nafasi ya mabonde mara nyingi ni ndogo na haitabiriki kutoka kitone hadi kitone. Ya pili, elektroni inasukumwa na uga mkali wa umeme mpaka igandamane chini ya oksidi yenyewe. Ule mgandamizo unapanua nafasi ya mabonde mpaka mikroelektronivolti mia kadhaa, na kwa kupandisha volti ya geti unaweza kuiongeza. Makundi yote mawili ya 2020 yalitumia namna hii ya pili, kwa hiyo zile 86 zako hazikutosha kuirusha elektroni.

Gharama yake unaiona mwenyewe: elektroni sasa imegusa uso ule wenye vifungo wazi na chaji zinazohamahama. Ukikimbia mabonde unaangukia oksidi, ukikimbia oksidi unaangukia mabonde. Ndiyo maana Delft wanashughulika pia na gerimani, wakitumia matundu (nafasi tupu zinazoachwa na elektroni) badala ya elektroni, maana matundu hayana tatizo hili la mabonde. Jumatatu nitakuletea darasani mchoro wa tabaka za aina zote tatu. Njoo na hesabu hiyohiyo kwa milikelvini 100 na kwa kelvini 4, tuzipange kando ya mchoro.